Hawara Asiyekuwepo

Kwa muda wa mwaka na zaidi, mji wa Makambako uliamini kwamba Laurenti Chaula, mfanyabiashara wa mbao, ana mwanamke wa pembeni. Uliamini kwa sababu yeye mwenyewe alitaka uamini. Mwanamke huyo hakuwepo, na kumtunza mtu asiyekuwepo ni kazi kubwa kuliko kumtunza aliyepo, kama nitakavyoeleza. Haya nimesimuliwa na Laurenti na mkewe Dorosela, kila mmoja kwa wakati wake. Walipopishana, nimemwamini mke.

Laurenti ni Mkinga wa Makete. Alishuka Makambako akiwa kijana, akaanza kwa kupakia mbao kwenye malori ya watu, akajifunza kutofautisha kwa macho ubao uliokauka na ule ulioanikwa juzi, mwisho akapata yadi yake mwenyewe karibu na reli. Ni mtu wa mabega mapana na sauti nene, na tumbo lililoanza kumtangulia miaka ya karibuni. Alioa kijiji cha Mdandu, kwa Wabena. Dorosela ni fundi cherehani, na sare za kwaya nyingi za mji huu zimepita mikononi mwake. Mtoto wao mkubwa, Praygod, anasoma chuo Dodoma, na mabinti wawili wako bweni. Nyumba yao iko Majengo. Ndoa yao ilikuwa ya kawaida: waligombana kuhusu mkaa na kuhusu ndugu, wakapatana kabla ya kulala.

Kilichoharibika kiliharibika kimyakimya. Laurenti alikuwa na miaka arobaini na minane. Siku moja alimtaka mkewe na mwili haukuitika. Akasema ni uchovu, maana siku hiyo walikuwa wamepakia malori mawili. Wiki iliyofuata haukuitika tena, akasema ni baridi. Baridi ya huku kwetu ni kisingizio kizuri, imeshabebeshwa mengi. Lakini Juni ikapita, Agosti ikapita, jua la Oktoba likaja, na Laurenti akakosa wa kumsingizia.

Dorosela anasema mwanzoni hakuona kama ni jambo kubwa.

"Nilijua watu wanachoka," aliniambia. "Ningevumilia hata mwaka. Kilichonitesa ni kwamba aliacha kunigusa kabisa, hata mkono. Nikimpa kikombe anakishikia pembeni kabisa ili vidole vyetu visikutane. Nikapanga nguo, nikasuka nywele, nikanunua mafuta mengine. Wapi."

Hapa naomba niseme langu kidogo. Mwanaume wa kwetu akiumwa jino, anashika shavu na mtaa mzima unampa pole. Akiteguka mguu, anachechemea mpaka kanisani ili asiwepo asiyejua. Lakini kiungo hiki kimoja kikigoma, anakuwa kama mtu aliyeiba. Anaangalia nyuma na mbele, anasema na wauzaji wa vichochoroni, na yule anayelala naye kitanda kimoja ndiye wa mwisho kuambiwa. Linaniudhi jambo hili, na sitajifanya haliniudhi.

Laurenti alifanya kama wanavyofanya wengine. Alitafuna karanga mbichi na mihogo mibichi. Alinunua unga wa mizizi uliochanganywa na asali, lakini hakuununua Makambako anakojulikana. Aliufuata Njombe mjini, kwa muuzaji mwenye kipaza sauti aliyekuwa anatangaza kwamba dawa yake inatibu nguvu za kiume, mgongo, jini na mikosi ya biashara. Unga haukufanya kitu. Akahamia kwenye vidonge vya rangi ya bluu vilivyouzwa bila boksi wala karatasi ya maelezo. Kimoja kilimpiga kichwa na kumwendesha moyo mbio mpaka akaketi chini kwenye sakafu ya bafu, akiwa na hakika kwamba anakufa. Aliponyanyuka alivitupa vyote chooni, na mkewe alipogonga mlango akasema ameteleza.

Kisha akasikia redioni kwamba pombe inaua nguvu za mwanaume. Hilo lina ukweli ndani yake, na Laurenti alilichukua kwa dhati. Aliacha bia. Kwa mtu ambaye jioni zake zote za miaka ishirini ziliishia mezani pamoja na wafanyabiashara wenzake, lilikuwa jambo la kishujaa, na nampa heshima yake. Tatizo ni alichokiweka mahali pa bia.

Msimu wa mvua, huku kwetu, mianzi hukatwa ncha na kukingwa utomvu wake. Ukiachwa siku moja au mbili unakuwa ulanzi mkali unaoangusha watu. Lakini ule wa asubuhi, uliotoka kwenye mwanzi muda huohuo, ni mtamu na hauna ukali wowote. Huo tunauita mtogwa, na tunawapa hata watoto. Hakuna mtu wa hapa anayeuhesabu mtogwa kuwa pombe. Basi Laurenti akawa mtu wa mtogwa. Kila asubuhi kijana wa pikipiki alimletea dumu kutoka vijijini, akaliweka chini ya meza yadini na kunywa kama maji. Na kiu aliyokuwa nayo msimu ule hakuwahi kuiona maishani. Alivyozidi kunywa ndivyo kiu ilivyozidi, naye akajiambia kwamba ni bia inayotoka mwilini. Kosa hilo huwezi kulifanya Tanga wala Mwanza. Linahitaji mianzi.

Hawara alizaliwa kwa bahati mbaya. Siku moja Laurenti alisinzia mchana juu ya lundo la mbao, na mmoja wa wapakiaji akamtania.

"Bosi, leo umechoka mno. Kuna mtu anakumaliza huko!"

Wote wakacheka. Laurenti naye akacheka, wala hakukana. Aliniambia kwamba ule ulikuwa unafuu wake wa kwanza baada ya miezi mingi. "Nilijisikia mwanaume," alisema. "Kwa kucheka tu."

Kuanzia hapo akaanza kuujenga uongo kama mtu anayejenga nyumba. Nyuma ya kituo cha treni kuna gesti ndogo, na mhudumu wake ni dada mmoja aitwaye Noela. Laurenti alikodi chumba pale baadhi ya siku za wiki. Gari aliliegesha upande wa barabara lionekane. Alipitia chipsi kuku za watu wawili, akaingia nazo, akazila zote peke yake huku akisikiliza taarifa ya habari. Alijipaka manukato yasiyokuwa ya nyumbani. Asubuhi alitoka akijinyoosha mbele ya watu. Ndani ya mwezi mmoja mji ulikuwa na habari kamili. Watu wanaojiita marafiki zake walimpiga bega na kumwita dume. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza Dorosela ana hali gani.

Dorosela alimwuliza mumewe uso kwa uso. "Baba Praygod, ni kweli?"

"Mwanaume ana mambo yake," Laurenti alijibu.

Dorosela ameichukia sentensi hiyo mpaka leo. Ukiisikiliza vizuri utaona kwamba si ndiyo wala si hapana. Ilimtosha Laurenti kwa sababu ilimwondolea swali, nayo ilimtosha Dorosela kwa sababu ilieleza kila kitu: kumbe nguvu zake anazimalizia huko, na huku analeta mgongo. Alianza kujitazama kwenye kioo cha duka lake la ushonaji akitafuta kasoro. Aliziona nyingi. Kasoro ukizitafuta hazikosekani, na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba anatafuta mahali pasipo.

Baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata aliondoka kwenda kwa mama yake Mdandu. Alibeba cherehani. Mke aliyeondoka na begi la nguo anaweza kurudi Jumapili, lakini aliyepakia cherehani na meza yake kwenye gari la kukodi ameshahama. Kaka yake mkubwa, Festo, akamwita Laurenti kwenye kikao cha familia. Ujumbe ulikuwa mfupi: aje aseme kama anamtaka dada yao au anamtaka huyo mwingine, na wakisikia jibu lisiloeleweka, Dorosela harudi tena Makambako.

Laurenti aliondoka nyumbani siku hiyo akiwa ameamua kusema kweli. Hakutaka kumpoteza Dorosela. Alilia ndani ya gari, aliniambia bila kuulizwa, na njia nzima alifanya mazoezi ya maneno kwa sauti. Kumbe alisahau jambo moja. Nyumba ile ni ya mama mkwe wake, Mama Feliciana, ambaye ni mjane. Alikuwa ameketi mkekani kwenye mlango wa jikoni uliokuwa wazi, akichambua maharage, na kila neno la sebuleni lilimfikia.

Kwa wageni nieleze. Mbele ya mama mkwe, mkwe wa kiume hatamki hata neno kitanda. Akitaka kwenda chooni anasema anatoka nje kidogo. Hapeani naye mkono, hakai karibu naye, na wakikutana njiani yeye ndiye anayekaa pembeni. Miaka yote ya ndoa yake Laurenti alikuwa hajazungumza na Mama Feliciana zaidi ya salamu na hali ya mvua. Sasa ilimbidi aseme, masikioni mwake, kwamba uume wake umelala.

Alisalimia, "Kamwene," wakaitikia. Festo hakuzunguka.

"Shemeji, hatukukuita tukupige. Dada yetu tulikupa akiwa mzima, amerudi kakonda. Mtaje huyo mwanamke. Kama umemwacha Dorosela, tujue umemwachia nani."

Laurenti akatafuta neno linaloweza kupita mlango ule wa jikoni, hakulipata. Alianza mara mbili akaishia kukohoa. Alisikia maharage yakidondoka ndani ya ungo. Dorosela alikuwa amekaa kwenye kona akimtazama, na macho yake, anasema, yalikuwa yanaomba aseme hakuna.

"Noela," Laurenti akasema. "Wa gesti."

Lilikuwa jina la kwanza la mwanamke lililomjia lenye uhusiano wowote na gesti. Akalitoa kama mtu anayetoa kitu mfukoni bila kutazama. Festo akasema wamesikia, basi, atapelekewa jibu. Hakuna aliyempa hata maji ya kunywa.

Kesho yake Dorosela alipanda basi hadi Makambako na kwenda moja kwa moja nyuma ya kituo cha treni. Alimkuta Noela uani akifua mashuka ya wageni.

"Wewe ndiye Noela?"

"Ndiyo, dada. Karibu."

"Mimi ni mama Praygod. Mke wa Laurenti wa mbao. Amekutaja mbele ya kaka zangu."

Noela alisimama na shuka mkononi, maji yakimtiririka. Mwanzoni hakuelewa. Alipoelewa alilitupa shuka ndani ya beseni hadi povu likawarukia wote wawili.

"Mimi? Mimi nina mchumba wangu, dada, tumeshatangazwa kanisani! Mume wako hata salamu ananipa kwa shida. Anakuja na chakula cha watu wawili, anakula mwenyewe, anawasha redio, analala. Hakuna mwanamke aliyekanyaga chumba kile. Waulize wenzangu wote. Tulikuwa tunajiuliza huyu mzee amefukuzwa kwake au vipi."

Dorosela alijifuta povu.

"Tena usinifanye niseme mengine," Noela akaendelea. "Huyo ni mgonjwa. Anakuja na dumu la mtogwa na linaisha. Usiku hatulali kwa kusikia mlango wake, chooni, chumbani, chooni, chumbani, mpaka akaniomba ndoo. Asubuhi nikienda kuimwaga nakuta sisimizi wameizunguka. Kila akija. Walevi nawajua, dada, ndio wateja wetu. Ndoo ya mlevi haijai sisimizi."

Dorosela akaketi juu ya jiwe la kufulia. Baba yake, marehemu mzee Emanuel, alikuwa na chungu cha haja ndogo chini ya kitanda miaka yake ya mwisho, na kila asubuhi Mama Feliciana alifagia sisimizi akilalamika kwamba nyumba imeingiliwa. Hakuna aliyejua maana yake mpaka mguu wa mzee ulipoanza kuoza ukakatwa. Ilikuwa sukari. Dorosela anasema pale juu ya jiwe alifurahi kwanza, kwamba hakuna mwanamke. Kisha akaogopa. Hasira ilikuja ya tatu, na ilipokuja ikakaa.

Alimkuta Laurenti yadini.

"Baba Praygod, funga. Tunakwenda Njombe."

Laurenti alifikiri anapelekwa ustawi wa jamii, akafunga bila ubishi. Mbele ya geti la hospitali alimtazama mkewe kwa mshangao, naye mkewe akamwonyesha kwa kidole mahali pa kuegesha.

Daktari alikuwa binti mdogo aitwaye Prisila, rika la Praygod au kumzidi kidogo. Laurenti alipomwona aligeuka kuutazama mlango. Alichomwa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kipimo, na daktari akakitazama kipimo, akamtazama yeye, akarudia na kidole kingine. Sukari ilikuwa juu sana. Presha nayo ilikuwa imepanda. Akaanza kumwuliza. Unakunywa pombe?

"Nimeacha kabisa, daktari," Laurenti akasema kwa fahari. "Nakunywa mtogwa tu."

Prisila, ambaye ni wa Ludewa na mianzi anaijua, akaweka kalamu mezani. "Mtogwa kiasi gani?"

"Kama maji."

"Mzee wangu, umekuwa unakunywa sukari tupu, dumu kwa dumu." Akachukua tena kalamu. "Tatizo lingine lolote?"

"Hakuna," Laurenti akasema.

"Lipo," Dorosela akasema.

"Lipi, mama?"

"Atasema mwenyewe. Nimedanganywa vya kutosha. Sitamsemea na ukweli pia."

Laurenti aliangalia ukutani, palipokuwa na picha ya mama anayenyonyesha, akaangalia dirishani, akaangalia viatu vyake. Dorosela hakumsaidia. Daktari naye alisubiri, maana ni kazi yake. Mwisho, kwa sauti ambayo haikufanana kabisa na ile yake ya yadini, akasema, "Uume wangu hausimami. Inakaribia miaka miwili sasa."

Akangoja. Hajui alikuwa anangojea nini; labda binti yule acheke, au atoke nje. Prisila aliandika, na bila kuinua kichwa akauliza, "Na miguu, inakufa ganzi?"

Jambo alilomficha mke, alilolitungia mwanamke, alilolichafulia jina la mtu, lilikuwa swali moja kati ya maswali. Lilikaa baada ya kiu na kabla ya ganzi. Laurenti aliniambia kwamba alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akaishia kusema ndiyo, vidole vya mguu wa kushoto.

Prisila aliwaeleza wote wawili kwa utaratibu. Ili uume usimame, damu lazima iingie kwa wingi na ibaki humo, mishipa ya fahamu ipeleke taarifa, homoni ziwepo, na kichwa kiwe kimetulia. Kimoja kikiharibika, kazi inaharibika. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaumiza mishipa midogo ya damu na ya fahamu pamoja, na mishipa ya pale ni midogo, kwa hiyo huonyesha mapema. Presha hufanya hivyo pia. Sigara hufanya hivyo, na bia zake za miaka ishirini hazikumsaidia. Zipo hata dawa za hospitali zinazoleta hali hiyo, ndiyo maana mtu huulizwa anatumia nini, wala hapaswi kuziacha bila kumwambia daktari. Alimwuliza kama asubuhi huwa anaamka mwili ukiwa umesimama wenyewe. Laurenti akasema zamani, siku hizi hapana. Daktari akasema hiyo ni dalili kwamba chanzo kiko zaidi mwilini kuliko mawazoni, ingawa mawazo huja baadaye na kuongeza mzigo wake: mtu akishindwa mara moja anaogopa, na ile hofu yenyewe inamshindisha mara ya pili.

"Mwanaume akiona hivi asikimbilie kwa wauza mizizi," alisema. "Aje apimwe moyo, presha na sukari. Mara nyingine ugonjwa hugonga mlango huu kwanza kabla ya kufika moyoni."

Alipoambiwa habari za vidonge vya bluu na sakafu ya bafu, alikasirika waziwazi. Vidonge vya namna hiyo vipo na vinasaidia watu, akasema, lakini hutolewa baada ya moyo kupimwa, na kwa mtu anayetumia baadhi ya dawa za moyo vinaweza kumuua. Kwa sasa ni dawa za sukari na presha, kutembea, kupunguza tumbo, na mtogwa basi. Mambo mengine wangeyaangalia sukari ikishuka. Alisema huenda nguvu zikarudi zote, huenda zikarudi nusu. Hakuahidi.

Walitoka wakakaa kwenye benchi la nje kungoja dawa. Hapo ndipo Dorosela alipofungua mdomo, na watu wa benchi zima walisikia.

"Nilijichukia mimi. Mwaka mzima nimejiangalia kwenye kioo nikijiona takataka, ili wewe uonekane dume kwa wapakia mbao. Ungeniambia siku ya kwanza ningekuleta hapa siku ya pili. Baba alikufa na ugonjwa huu mikononi mwangu, Laurenti. Ningekuleta!"

Laurenti akasema, "Nisamehe."

"Sijui. Uliponitajia yule binti ulimtaja kwa sauti. Utakwenda kumwondoa kwa sauti hiyohiyo. Kwake, kwa mchumba wake, na kwa kaka zangu. Mpaka hapo mimi niko Mdandu."

Kwa Noela alikwenda siku iliyofuata. Mchumba, kijana anayetengeneza matairi, alisikiliza akiwa ameshika spana, na Laurenti anakiri kwamba muda wote aliitazama ile spana. Noela alisema amesikia, na kwamba chumba chao asikodi tena. Hiyo ilikuwa haki yake.

Mdandu ilikuwa ngumu zaidi. Jumapili iliyofuata Laurenti alipofika aliwakuta vilevile: Festo na mdogo wake kwenye viti, Dorosela kwenye kona, na Mama Feliciana mkekani kwenye mlango wa jikoni, safari hii akipukuchua mahindi. Laurenti akasimama.

"Shemeji zangu," alisema, "nilidanganya. Yule binti hana kosa. Mimi sina mwanamke yeyote. Ukweli ni kwamba..."

Akakwama palepale alipokwama mara ya kwanza. Festo akakunja uso. Dorosela anasema alikuwa ameshafumba macho, kwa sababu aliona kabisa kwamba mumewe ataondoka tena bila kusema, na kwamba yeye atabaki pale kwa mama yake hadi uzee.

Mama Feliciana akaweka gunzi chini. Akajishika goti, akanyanyuka taratibu, akafuta unga wa mahindi kwenye kitenge.

"Kuku hawa wamekwenda wapi leo," akasema, bila kumwambia mtu, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuufunga. Kuku walikuwa uwanjani mbele ya nyumba, watu wote wakiwaona.

Laurenti akasema yote. Alisema ni ugonjwa wa sukari, alisema umempiga wapi na tangu lini, alisema habari za gesti na chipsi za watu wawili. Hakuna aliyecheka. Festo alikuwa amejiandaa kwa ugomvi na sasa hakuwa na mahali pa kuuweka. Alisugua viganja vyake muda mrefu, mwisho akamgeukia dada yake.

"Dorosela, wewe unasemaje?"

"Nitarudi Makambako," Dorosela akasema. "Sijamsamehe. Nitakuwa namkasirikia nikiwa nyumbani kwangu."

Kisha akaenda jikoni kuwatafutia wageni chai, kwa sababu lazima mtu afanye kitu. Mama yake alikuwa ameshaingia na alikuwa ameinamia jiko. Mezani palikuwa na chupa mbili za chai, kubwa na ndogo, na trei ya vikombe.

"Kubwa ni ya kaka zako," Mama Feliciana akasema, akiwa amempa mgongo. "Hiyo ndogo ni ya mwenzako. Usiichanganye. Haina sukari."

Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Dorosela alisimama na trei mikononi mpaka machozi yalipomwishia, kisha akaingia sebuleni akammiminia mumewe, na alipompa kikombe vidole vyao vikagusana, naye Laurenti hakuuondoa mkono.